Baba Mkwe Hatazamwi Usoni

Baba mkwe wangu alikuwa akizungumza nami kupitia mbwa.

"Popi," alisema asubuhi, amekaa barazani, mgongo ameuelekeza kwenye mlango wa jikoni. "Hivi nyumba hii chai inapikwa au inaombewa?"

Mimi nikiwa jikoni nilijibu, lakini si kwake. "Popi, mwambie babu maziwa ndiyo kwanza yameletwa."

"Sawa. Mwambie na tangawizi apunguze. Jana nimekohoa mpaka jirani akaja kutoa pole."

Popi mwenyewe alikuwa amejilaza kwenye jua, macho kayafumba, masikio yanacheza huku na huko. Sijui kama mtaa wetu wote wa Soweto, hapa Mbeya, kulikuwa na mbwa mwingine mwenye kazi nyingi kama yule.

Nieleze, maana mgeni aliyefika kwetu ghafla alidhani tumerukwa na akili wote wawili. Mimi ni Mhehe wa Iringa, nimeolewa na Mnyakyusa. Kwa wazee wa Kinyakyusa wanaoshika mila, mke wa mtoto hakutani uso kwa uso na baba wa mume. Akimwona anakuja njiani, anaacha njia na kujibanza pembeni hadi mzee apite. Hamtazami, hamgusi, hali naye, na jina lake halitaji. Vijana wa siku hizi wameshayaacha hayo. Wanapiga picha na wakwe zao, wanakumbatiana kwenye sherehe. Mume wangu alimwonyesha baba yake picha moja ya aina hiyo kwenye simu. Mzee aliitazama kidogo, akairudisha simu haraka, akafuta vidole kwenye suruali.

Wakati akiishi kwao Tukuyu mambo yalikuwa rahisi. Tulikwenda Krismasi, mimi nikakaa na wanawake jikoni, yeye na wanaume nje, tukarudi Mbeya. Miaka ikapita hivyo. Nilikijua kikohozi chake na kofia yake, basi. Kisha mama mkwe akafariki, na haukupita muda mzee akaanguka shambani kwa presha. Mume wangu akamleta kwetu, amekaa mbele kwenye lori kama mfalme. Daktari akasema dawa anywe, chumvi apunguze, na kila asubuhi atembee, ila asitembee peke yake.

Hapo ndipo tulipotazamana, mimi na mume wangu. Yeye ni dereva wa malori ya Zambia. Akiondoka kupitia Tunduma, kurudi ni majaliwa. Watoto wako bweni.

"Atatembea na nani?" nikamuuliza.

"Na wewe."

"Baba Neema, baba yako hata kivuli changu anakikwepa."

Akajikuna kichwa. "Sasa mimi nifanyeje? Muelewane tu."

Muelewane! Watu wasioruhusiwa kusemeshana.

Aliyetuelewanisha ni mzee mwenyewe. Siku ya kwanza niliposimama nyuma ya pazia nikifikiria nianzie wapi, nilimsikia akimwambia Popi kwa sauti ya mtu anayetoa amri jeshini: "Mimi natembea mbele. Kama kuna mtu anapenda kutembea nyuma, barabara ni ya serikali." Akachukua mwavuli wake, akatoka. Nikajitanda kitenge, nikatoka.

Tulitembea hivyo karibu kila asubuhi kwa muda wote aliokaa kwetu. Yeye mbele, Popi katikati, mimi nyuma, umbali wa nyumba mbili hivi. Akiinua mwavuli juu, maana yake nisimame, anapumzika. Akiuelekeza kushoto, tunapinda. Tatizo lilikuwa magari. Mzee alivuka barabara kama anavyovuka shamba lake mwenyewe, na mimi siwezi kumwita. Kwa hiyo nilipiga kelele, "Popi! Popi simama! Pikipiki!" Mzee alisimama palepale. Popi aliendelea na safari. Madereva walimcheka mama anayemgombeza mbwa asiyesikia, kumbe aliyeambiwa amesikia vizuri sana.

Mkiniuliza sura yake, nitababaika. Lakini mgongo wake hakuna aliyeujua kama mimi. Bega la kulia lilikuwa chini kidogo ya la kushoto. Koti lake la kahawia lilikuwa limepauka mabegani na kubaki na rangi yake ya zamani chini ya kola, na nilijua hali yake ya siku kwa kuitazama ile kola tu. Ikiwa imesimama, amelala vizuri. Ikiwa imekunjika upande mmoja, presha imepanda, au ameota ndoto ya mama mkwe. Siku hizo alitembea polepole na hakunigombeza mpaka tufike nyumbani. Hata alipofariki baadaye na tukamuaga, watu walipopanga foleni kumtazama mara ya mwisho, mimi nilipita mbele ya jeneza nikitazama mikono yangu. Shangazi, dada wa mzee, alinishika bega akanong'ona, "Umefanya vizuri, mwanangu."

Msidhani lakini kwamba alikuwa mtakatifu. Mila ile ilimfaa, naye aliitumia. Kwenye kona ya pili kutoka kwetu alikuwepo mama mmoja muuza maandazi. Daktari alishakataza mafuta na sukari, nami nilimwambia Popi habari hiyo mara nyingi. Basi mzee akifika pale, mwavuli juu. Mimi nasimama, nainamisha kichwa kama inavyotakiwa. Kwa nini aliupenda sana msimamo ule? Kwa sababu alijua simtazami. Alikuwa anakula andazi la moto mchana kweupe, taratibu, mtu mwenye amani na Mungu wake. Niligundua kwa sababu ya Popi, aliyekuwa akirudi nyumbani analamba pua.

Na mimi sikukaa kimya. Chumvi niliipunguza kidogo kidogo kwenye mboga hadi ikawa kama haimo. Angelalamika kwa nani?

"Popi," akasema siku moja, kijiko mkononi, "hivi vita imetokea huko baharini? Chumvi imekwisha?"

"Popi, mwambie babu chumvi yake ameila daktari."

Kisha nikasikia mabega yakicheka. Ndiyo, mabega, yeye hakucheka kwa mdomo mbele ya wanawake, ila kiti kile cha mbao kililia kila mabega yalipotikisika.

Uhehe wangu ulikuwa chakula chake cha kila siku. Nchi nzima inawatania Wahehe kuwa wanakula mbwa, na yeye hakuacha fursa ile impite. "Popi, leo sufuria kubwa imetolewa. Mimi ni mzee, siwezi kukutetea. Kimbilia Tukuyu." Au nikichelewa kutoka: "Popi, tuondoke wenyewe. Mhehe akikasirika anajinyonga, akifurahi anakula mbwa. Wewe na mimi hatuna siku nzuri." Nami sikubaki nyuma. Nilimuuliza Popi kama ni kweli kwamba Mnyakyusa akikosa ndizi siku moja anaandika wosia.

Alisema televisheni ni upuuzi. Alisema hivyo kila jioni, akivuta kiti karibu zaidi na televisheni. Ilikuwepo tamthilia moja ya Kituruki iliyotiwa Kiswahili, ya tajiri mmoja na mke wake na mama mkwe mkorofi. Yeye alikaa sebuleni, mimi kwenye korido nyuma ya pazia, nikichambua maharage. Kwa kuwa alijua sioni picha, alinisimulia. "Popi, sasa mwanamke amesimama dirishani. Analia. Hapana, hajalia, anataka kulia. Yule mama mkwe anaingia bila hodi." Kisha akaguna kwa uchungu wa kweli. "Angalia, wanakaa meza moja! Wanatazamana hivi hivi! Ndiyo maana hawaelewani."

Siku ya kliniki ndiyo iliyonitoa jasho. Muuguzi wa mapokezi, mama wa makamo, akaniuliza, "Mgonjwa anaitwa nani?"

"Ni baba mkwe wangu."

"Ndiyo. Jina."

"Siwezi kulitaja, dada."

Akaniangalia, akamwangalia mzee aliyekuwa ameketi kwenye benchi la mbali, kofia ameishusha hadi puani. Akamwita, "Mzee, jina lako nani?"

Mzee, bila kuinua kofia: "Muulize huyo. Analijua."

Foleni yote ikaanza kucheka. Muuguzi alikuwa mtu wa Kyela, Mnyakyusa vilevile, akaelewa mara moja, na naye akaingia kwenye mchezo. "Haya, basi leo utaitwa Baba Mkwe." Zamu ilipofika akatoka mlangoni na kuita kwa sauti, "Baba Mkweee!" Wakasimama wazee watatu. Baba mkwe wangu aliisimulia hadithi hiyo kwa wageni mpaka wakaijua kwa moyo, na kila mara alimalizia kwa kusema, "Na huyo mke wa mwanangu hakulitaja. Mbele ya watu wote wale, hakulitaja." Aliyasema hayo kwa sauti ya kutosha kufika jikoni.

Alikuwa na upande mwingine ambao sikuujua hadi baba yangu mzazi alipofariki Iringa. Baba yangu alikuwa ameuguzwa na kaka yangu, na mimi nilikuwa Mbeya namtunza baba wa mtu mwingine. Hilo liliniuma, ingawa sikumwambia mtu. Simu ilipoingia nilikaa jikoni chini, sikuweza hata kulia. Mzee alikuwa barazani. Hakumwita Popi. Nikamsikia akiingia chumbani kwake na kuanza kupiga rangi viatu.

Tulipanda basi moja kwenda Iringa, mimi, yeye na mume wangu aliyewahi kurudi. Yeye siti ya mbele kabisa, mimi ya nyuma kabisa. Tulipofika msibani, wazee wa kwetu wakainuka kumpokea, naye akavua kofia akawasalimia mmoja mmoja, "Kamwene. Kamwene, baba. Kamwene." Kihehe! Wajomba zangu wakashangaa. Kaka yangu akaniuliza nimemfundisha lini. Sikumfundisha. Mume wangu ndiye aliyeniambia baadaye: usiku kucha baba yake alikuwa chumbani akimsumbua, "Hebu sema tena, wanasemaje? Kamwene? Na ukijibiwa unasemaje?" Alikaa na wazee wale karibu na moto hadi tulipozika, akawaambia, kama nilivyohadithiwa, "Nimekuja kumshukuru marehemu. Binti yake ananitembeza."

Nilipoambiwa maneno hayo ndipo nikalia.

Sasa niseme habari ya mtaro.

Ilikuwa masika. Usiku mvua ilinyesha, asubuhi kukawa shwari, tukatoka. Alifika kwa mama wa maandazi, mwavuli juu, nikainamisha kichwa. Mara nikasikia kishindo na Popi anabweka. Inaonekana safari hii aligeuka kuhakikisha simtazami, huku ameficha andazi nyuma, akakosa hatua. Alikuwa ndani ya mtaro wa barabara, amekaa, maji yanapita miguuni. Kofia ilikuwa imetangulia na maji.

"Baba!" nikaita, nikasahau kila kitu. Kisha nikakumbuka, nikageuka nyuma. "Popi, muulize babu kama ameumia!"

"Popi, mwambie hapana. Mwambie aite mwanaume."

Nikatazama barabara. Mama wa maandazi alikuwa mzee kuliko yeye. Wanafunzi walishapita. "Popi, mwambie babu hakuna mwanaume hapa."

"Basi tusubiri."

Tukasubiri. Lakini juu ya mlima wingu lilikuwa limeshaanza kukunja uso, na kila mkazi wa Mbeya anajua mvua ya mlimani haikuulizi kama uko tayari. Maji ya mtaro yakaanza kubadilika rangi. Yalikuwa vifundoni, yakapanda. Nikasikia anajaribu kuinuka, anateleza, anajaribu tena. Pumzi yake ilikuwa ya mtu anayeficha kwamba anachoka. Mama wa maandazi akaniambia kwa ukali, "Wewe binti, unasubiri afe kwa heshima?"

Niliogopa kweli. Niliogopa maji, niliogopa presha yake, na bado niliogopa kumvunjia kitu ambacho amekishika maisha yake yote. Nikavua kitenge nilichojitanda, nikakifunga kichwa kizima, uso wote, nikabaki sioni hata mwanga. Nikapiga magoti kwenye tope, nikatambaa hadi ukingoni, nikanyoosha mikono.

"Popi," nikasema ndani ya kitenge, "mwambie babu mimi sioni kitu. Sijui aliyeko humo ni nani."

Maji yalisikika. Nilishika hewa, nikashika nyasi, nikashika nadhani mkia wa Popi.

Kisha akasema, "Kushoto."

Nikaenda kushoto.

"Kushoto kwako, mama, si kwangu. Hapo. Chini. Haya, vuta."

Mkono wake ulikuwa wa baridi na mwepesi kuliko nilivyodhani. Nikavuta. Mama wa maandazi akanishika kiuno akavuta na yeye, na Popi akabweka kwa niaba ya wote. Alipotoka tuliangukiana pale kwenye tope, mimi na kitenge changu kichwani kama mzigo uliosahaulika stendi. Nikamsikia akihema. Kisha mabega yake yakaanza kutikisika. Safari hii hayakuwa na kiti, kwa hiyo kicheko kilitoka kwa mdomo, kikubwa, cha mtu mzima aliyeponea chupuchupu. Mama wa maandazi akacheka. Mimi nikacheka gizani mwangu.

Jioni mume wangu alipopiga simu kutoka mpakani, mzee akamwambia, "Nilianguka, lakini si neno. Nimetolewa na mtu asiyenijua."

Shangazi aliposikia alikuja kutoka Tukuyu kwa hasira na mkungu wa ndizi. Akamweka kaka yake sebuleni, mimi nikiwa nyuma ya pazia langu. "Kaka, mtoe huyu mtoto kifungoni. Kuna kufungua mwiko. Mpe hata kuku, mbele ya watu, msalimiane kama binadamu. Siku nyingine utakufa mtaroni."

Nikasikia mzee akivuta kiti.

"Dada," akasema, "ng'ombe wamekwisha. Mashamba nimewagawia watoto. Meno unayaona mwenyewe. Daktari ananifokea, muuguzi ananitania, mjukuu ananifundisha simu. Nimebakiwa na mtu mmoja tu duniani anayeniogopa kidogo. Na wewe unataka nimnunue kwa kuku?"

Shangazi akaguna, akanifuata nyuma ya pazia. Alinikuta nimesimama na kisu mkononi, ndizi sijamenya hata moja. "Umesikia?" akaniuliza. Nikaitikia kwa kichwa. "Haya. Basi endelea kumwogopa. Si kazi ngumu." Tukacheka kwa kuzibana midomo, tukamenya ndizi.

Mwaka uliofuata macho yake yakaanza kuingia ukungu, na matembezi yakawa mafupi. Siku moja akamwambia Popi kwamba anataka kuishi mahali ambapo akisikia mvua anajua inanyesha kwenye shamba la nani. Mume wangu akamrudisha Tukuyu, kwa shangazi. Popi alikwenda naye, na mwaka huohuo mbwa yule akafa huko kwa uzee. Asubuhi za kwanza nilitoka peke yangu, nikafika kwenye kona ya maandazi, nikasimama bila sababu. Mama wa pale akaniuliza, "Mzee wako yuko wapi?" Nikamwambia. Akanifungia maandazi nimpelekee. Nikayala njiani, maana daktari amekataza.

Mara ya mwisho kukutana naye nilikuwa nimekwenda kuwaona, ndoo ya vitu kichwani: sukari ya shangazi, sabuni, na blanketi jipya la mzee. Mvua ilikuwa inanyunya. Njia ya kwa shangazi inapanda katikati ya migomba, nyembamba, upande mmoja ukingo, upande wa pili mteremko. Nikiwa katikati ya kilima nikaona fimbo inakuja, kisha kofia. Alikuwa anashuka peke yake, anapapasa ardhi kwa fimbo.

Nikatafuta pa kujificha. Ukingo ulikuwa mrefu kunizidi. Mteremko ulikuwa tope tupu, na ndoo ilikuwa nzito. Nikasimama nimeinamisha kichwa, nikianza kuteremsha mguu mmoja kwenye majani, nikauhisi unateleza.

Naye akasimama. Sijui alijuaje kuwa ni mimi. Pengine kwa hatua zangu, alizozisikia nyuma yake asubuhi zote zile. Nikasikia majani makavu yakivunjika. Nilipothubutu kuinua macho hadi kwenye magoti yake, njia ilikuwa tupu. Mzee ameingia kwenye migomba. Amesimama humo, mgongo umenielekea, uso kwenye shina la mgomba, kofia mkononi, matope yamemfika juu ya viatu.

"Pita, mama," akasema. "Hapa hakuna mtu."

Nikapita, taratibu, nikiishika ndoo kwa mikono miwili, karibu naye kiasi cha kusikia anavyopumua. Nilikuwa nimeshampita hatua chache niliposikia sauti yake tena.

"Huko juu panateleza. Kanyaga kwenye mizizi."

Nikakanyaga kwenye mizizi.